Hostia ya Tano

Nesi mmoja aliniomba niandike ukurasa mmoja tu. Alitaka wagonjwa wapya wa koo, wale wanaowekewa mpira wa kulishwa tumboni, wapate kusoma kitu kilichoandikwa na mtu aliyepita huko akatoka. "Wewe una cheti," aliniambia, "waandikie wasiogope."

Ni kweli nina cheti. Nilikipata nikiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya kusoma ngumbaru jioni kwa miaka sita, dawati moja na nyanya wa wajukuu tisa aliyekuwa akinipita hesabu kila muhula. Kiko ukutani kwangu ndani ya fremu kubwa kuliko dirisha, na mgeni hapewi chai kabla hajakisoma. Kwa hivyo ukurasa mmoja kwangu ni matusi. Nimeandika hizi zote, nesi atanivumilia.

Habari za mpira nitazisema. Lakini kuna jambo lingine lililonikaba zaidi ya ule uvimbe, na nisipolitoa, haya mengine yatakuwa kelele tu.

Mimi ni mtu wa upande wa Kapkatet, mkulima wa majani chai, Mkipsigis, Mkatoliki, na mtu wa maneno mengi. Kabla ya ugonjwa nilikuwa na sauti ambayo nikikohoa nyumbani, ng'ombe wa Mulot waliacha kula. Chai nilikunywa ikiwa bado inachemka kwenye kikombe, na watoto wangu walileta marafiki zao waje kushuhudia. Kwa ajili ya ile sauti na kile cheti, nilichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, halafu Fadha akaniteua niwe mhudumu wa komunyo kwa wagonjwa. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya misa ya asubuhi, nilipewa hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, ndani ya kikopo kidogo cha rangi ya dhahabu kinachoitwa piksi, nikakivaa shingoni chini ya koti, nikaenda nyumba kwa nyumba. Ukibeba piksi husimami njiani kupiga hadithi. Unatembea kimya. Kwangu mimi hiyo peke yake ilikuwa Kwaresima nzima.

Mwaka ule wagonjwa walikuwa watano. Wa tano alikuwa Baba Kerubo.

Baba Kerubo alikuwa Mkisii, alihama kutoka ng'ambo ya Sotik akanunua kipande cha shamba bondeni, chini ya shamba langu, karibu na mto. Mtu mpole, fundi wa kusuka vikapu vya kuchumia majani. Kikapu changu mwenyewe alikisuka yeye. Alikuwa na kifua kikuu. Dawa alikuwa ameshaanza, na mhudumu wa afya wa kijiji alikuja kwenye mkutano wa jumuiya akatueleza wazi kwamba mtu aliyekunywa dawa zake vizuri kwa muda, na nesi amempima, haambukizi tena, na kwamba huyu wetu ameshafika hapo. Akatuambia twende tukamwone. Nilisikia vizuri sana. Nilikuwa nimeketi mbele. Kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafsiria wazee kwa Kipsigis, kwa sauti ya kuvunja vioo.

Ijumaa ya kwanza ya Mei, mvua ndefu ikiwa imeshika, nilimaliza nyumba nne. Kutoka ya nne unashuka kijia katikati ya majani chai hadi kwenye kisiki cha mti wa bluugamu. Kutoka kwenye kisiki hadi mlango wa Baba Kerubo ni hatua hamsini. Dirisha lake lilikuwa wazi. Nikamsikia akikohoa, kile kikohozi kinachotoka chini kabisa kama mtu anayekokota gunia juu ya kokoto.

Nikasimama. Nikafikiria watoto wangu. Nikafikiria mapafu yangu. Nikafikiria pia, na hili ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba hawa ni watu wa ng'ambo, wana watu wao, watu wao watakuja kuwaona.

Sasa hostia ikibaki, inarudishwa kanisani, inawekwa kwenye tabernakulo, kile kisanduku cha altareni. Kila mhudumu anajua. Lakini kuirudisha ni kuulizwa, na kuulizwa ni kujibu, "Fadha, niliogopa." Mimi, mwenyekiti, mwenye cheti! Nilifungua piksi pale kwenye kisiki, nikasema, "Ee Bwana, sistahili," na kweli sikustahili, nikaila hostia ya Baba Kerubo.

Jioni Fadha akaniuliza, "Wote watano?"

"Wote, Fadha. Baba Kerubo amekusalimia sana."

Mtu wa chumvi nyingi hata akidanganya huongeza chumvi.

Juni nikafanya vile vile. Julai vile vile. Ijumaa hizo tatu nilipokea yangu asubuhi kwenye misa na ya mgonjwa mchana pale kwenye kisiki. Tunafundishwa kwamba hicho ni chakula, kwamba ukikila kinakupa nguvu za kumpenda jirani. Kama kingekuwa kinafanya kazi kama mbolea, unatia mifuko miwili unavuna kilo mara mbili, leo ningekuwa na sanamu yangu pale mlangoni mwa kanisa. Nilikula mara mbili, na sikupata nguvu za kutembea hatua hamsini.

Baba Kerubo alifariki mwisho wa Julai, katika ile baridi inayofanya hata majani chai yakatae kuchipua. Mazishini nani aliongoza sala? Mimi. Nani alishika kipaza sauti? Mimi, ingawa sikukihitaji. Nikasema mbele ya jeneza, mbele ya kijiji kizima, kwamba marehemu aliipenda meza ya Bwana, na katika ugonjwa wake hakukosa komunyo hata Ijumaa moja.

Mama Kerubo, mjane wake, aliinua kichwa akanitazama. Fadha, aliyekuwa amesimama karibu nami, alitikisa kichwa kukubali. Nikaona macho ya yule mama yakihama kutoka kwangu hadi kwa Fadha, yakatulia huko.

Tangu siku hiyo alikuja misa, akaketi benchi la nyuma, na watu wakipanga laini ya komunyo yeye hakuinuka. Wanawake wa jumuiya wakaniuliza mimi, mwenyekiti, kama najua ana nini. Nikawaambia tumwombee.

Ishara ya kwanza ya ugonjwa wangu ilikuwa Pasaka iliyofuata, na ilikuja na hostia. Ilifika katikati ya kifua ikakataa kuendelea. Nilikohoa hadi machozi, kwaya ikapoteza wimbo. Nikacheka, nikasema ni uzee. Wiki iliyofuata ugali ukafanya vile vile, halafu nyama, halafu mkate. Kufikia Mei nilikuwa nikimeza kila tonge kwa maji, kama dawa. Rose, mke wangu, alinivumilia mwezi mmoja, akanifungia koti vifungo kama mtoto, akanipeleka hospitali.

Nikuambie kuhusu benchi, wewe ambaye pengine umeketi hapo sasa. Benchi la hospitali halina mwisho. Lile letu lilianzia mlangoni mwa daktari likafika, nadhani, karibu na Narok. Siku ya kwanza niliketi na mama mzee aliyeshika kitambaa mdomoni.

"Wewe ni nambari ngapi?" akaniuliza.

"Arobaini na moja."

"Na wamefika?"

"Kumi na mbili."

"Haya, tuzeeke pamoja basi," akasema, akanisogezea nusu ya leso yake nikalie, kwa sababu benchi lilikuwa baridi. Sikujua jina lake. Nimeketi juu ya viti vingi maishani, lakini ile nusu ya leso naikumbuka.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa binti yangu Chelangat. Alilisema lile neno kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, saratani ya umio, halafu Rose akalirudia kwa Kipsigis kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kama kwa lugha ya nyumbani litakuwa jepesi. Halikuwa.

"Imewahiwa," daktari akasema. "Mzee, umesikia? Imewahiwa."

Nilisikia. Lakini nilikuwa nawaza kisiki.

Julai, mwaka mmoja tangu yale mazishi, nikawekewa mpira. Unatoka tumboni upande wa kushoto, mrefu kama kiganja, una kifuniko. Haya, ya nesi ni haya: uji uwe wa vuguvugu, usiwe moto. Chuja mara mbili. Keti wima, na usilale mara tu baada ya kulishwa. Pitisha maji safi kwenye sirinji kabla na baada ya chakula. Mpira ukiziba, maji ya vuguvugu na subira, si njiti ya kiberiti. Usiniulize nimejuaje habari za njiti ya kiberiti.

Mwili wangu ukaanza kunihama. Nilikuwa mtu wa kilo tisini na mbili. Kufikia Septemba, nilipoanza kupelekwa mionzi na dripu kwenye hospitali kubwa ya rufaa, nilikuwa mwembamba hadi mzani ukanitazama kwanza uhakikishe kama nimepanda. Suruali nilifunga kwa kamba ya kikapu. Ngozi ya kifuani ikawa nyeusi kama chini ya sufuria. Na sauti, ile sauti ya kusumbua ng'ombe wa Mulot, ikawa mnong'ono. Watu wakainama kunisikiliza, wakati maisha yangu yote ni wao waliokuwa wakiziba masikio.

Lakini kilichoniumiza zaidi ya mionzi ni vijiko. Familia yangu iliacha kula mbele yangu. Walijifungia jikoni, nyumba ile ya nje, wakala kimya, na mimi nikiwa kitandani nikasikia vijiko vikigusa sahani taratibu, kama watu wanaoiba. Siku moja nikatoka nikisukuma mlango.

"Mnanificha ugali kama mimi ni mwizi?"

Chelangat akaanza kulia. Rose akainuka na sahani mkononi. "Tule wapi, Baba Chelangat? Tukila mbele yako unalia. Tukijificha unatukana. Tuambie tu tule wapi!"

Nikarudi kitandani nikageukia ukuta, na ukutani kulikuwa na cheti. Mgonjwa mwenzangu, watu wako nao wanaugua, ila wao hawapewi kitanda.

Rose alichoka hadi akawa anaongea na sufuria. Uji wake ulikuwa na mabonge, mpira ukaziba, akalia, nikafoka kwa ule mnong'ono wangu, na kufoka kwa mnong'ono ni kuchekesha, akacheka akiwa bado analia. Asubuhi moja ya Oktoba, kwenye juma nililopumzishwa dawa, tukasikia hodi.

Alikuwa Mama Kerubo, na kikapu cha majani bado mgongoni. Mkononi alishika chujio.

"Mama Chelangat," akamwambia Rose, "nimesikia uji unawasumbua. Baba Kerubo mwisho wake alikuwa hamezi kitu kizito. Mimi najua kuchuja. Wewe nenda ulale saa moja."

"Lakini wewe una majani ya kupeleka."

"Majani yatapelekwa. Nenda ulale."

Akasaga, akapika, akachuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa cheupe. Uji wa wimbi ukatoka laini kama maziwa. Akaujaribu joto kwenye kifundo cha mkono wake kama unavyomfanyia mtoto, akaketi kwenye stuli kando yangu na sirinji.

"Mwenyekiti," akasema, "inua mgongo kidogo."

Alikuja hivyo saa nne, kila siku niliyokuwa nyumbani, akitoka kuchuma. Na nikuambie kitu kuhusu chakula cha mpira: hakipitii mdomoni, kwa hivyo huwezi kukitema. Kama uji ungepitia kooni, aibu ingeufungia njia. Lakini uliingia tu, sirinji baada ya sirinji, na mimi nikiutazama ukishuka. Yeye hajala meza ya Bwana zaidi ya mwaka, na alikuwa akimlisha jirani. Mimi niliyekula mara mbili nilikuwa nimelala hapo nikilishwa.

Nikamwita Fadha. Yeye haruhusiwi kusema nilichomwambia kwenye kitubio, lakini mimi naruhusiwa. Nilimwambia hostia zote tatu, na uongo wa mazishini. Nikamuuliza kama huu ugonjwa ndio adhabu yenyewe, maana hata ulianza na hostia.

"Na Baba Kerubo?" akaniuliza. "Yeye aliadhibiwa kwa kosa gani?"

Nikavuta blanketi hadi kidevuni.

"Mungu hatupii watu magonjwa kama mawe," akasema. Akanipa maondoleo. Halafu akakaa akitazama mikono yake. "Lakini mimi kuanzia sasa nimefungwa mdomo. Mlango wa yule mama una ufunguo mmoja, na uko kwako. Nikikuletea komunyo Ijumaa ya kwanza ya Desemba, ningependa nikukute umeufungua."

Sikuufungua siku hiyo. Wala iliyofuata. Siku kumi na mbili nzima Mama Kerubo alikuja, na mimi mtu wa maneno elfu kumi kwa saa nikawa namwambia mvua imechelewa, mvua imekaribia, mvua imefika. Siku ya kumi na tatu mvua ndogo ya vuli ilinyesha kweli, ikambana ndani. Rose alikuwa amelala chumba cha pili. Mama Kerubo alikuwa akisuuza chujio kwenye karai.

"Mama Kerubo," nikasema. "Komunyo ya Baba Kerubo."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Fadha hakuwasahau. Alikuwa akituma. Kila Ijumaa ya kwanza alinipa hostia tano. Nilifika hadi kwenye kisiki, nikaogopa kifua. Ile ya mzee nikaila mimi. Mara tatu."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilifikiri hajasikia, na nikaogopa kwamba nitalazimika kurudia.

"Alikuwa akituma," akasema.

"Ndiyo."

"Jina lake lilikuwa kwa ile karatasi ya wagonjwa?"

"Lilikuwa. La tano."

"La tano." Akatoa mikono kwenye maji, akaifuta kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Mimi nikasema ni Fadha. Nikasema Fadha ametuacha nje ya hesabu kwa sababu sisi ni watu wa ng'ambo, halafu anakubali uongo wako pale kaburini. Mwaka na miezi, mwenyekiti. Nimekaa nyuma mwaka na miezi, nikimchukia mtu ambaye alikuwa akituma."

"Najua."

"Hujui. Ijumaa ya kwanza Baba Kerubo alikuwa ananiambia nichemshe maji. Ananyoa ndevu. Anavaa shati nyeupe, ile ya harusi ya binti yetu Kerubo. Anaketi kwa kiti, anaangalia njia. Tulikuwa tunakuona pale kwa kisiki. Mimi nilisema, huyu anaangalia mpaka wa shamba. Yeye akasema, hapana, nyamaza, mwenyekiti anatuombea. Anaogopa kifua changu na ana watoto, usimlaumu. Tazama, ameinamisha kichwa."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, ndiyo. Nilikuwa nikifungua kikopo.

Alichukua chujio lake, na kitambaa, akaweka ndani ya kikapu. Hakubamiza mlango. Alitoka kwenye mvua ile ile. Nilimsikia akishuka, kisha sikumsikia.

Siku iliyofuata saa nne haikuleta hodi. Rose akauliza nimemfanya nini Mama Kerubo, nikamwambia, na Rose akaketi chini sakafuni.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Miaka ishirini na sita nalala na wewe, sikujua nalala na mtu wa kula chakula cha mgonjwa." Kisha akaenda akapika uji wenye mabonge, akauchuja mwenyewe mara nne, akanilisha bila kunitazama usoni. Tukaenda hivyo siku tano. Sitakudanganya kwamba nilijisikia mwepesi. Watu husema ukitubu unakuwa mwepesi. Mimi nilikuwa na kilo hamsini na sita na sijawahi kuwa mzito vile.

Jumapili Rose alirudi kutoka misa akasimama mlangoni na kitambaa chake kichwani.

"Mama Kerubo alienda kwa Fadha kabla ya misa," akasema. "Walikaa kwa benchi nje, sijui waliongea nini. Halafu komunyo ilipofika, akainuka."

"Akapokea?"

"Akapokea. Wanawake wote waligeuka." Akatoa kitambaa. "Wewe hakukuulizia."

Haikuwa haki yangu kuuliziwa. Nilifurahi na nikaona aibu ya kufurahi.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba ilikuwa karibu. Matibabu yalikuwa yameisha, na daktari alikuwa ameniambia nianze kujaribu vitu vyepesi kwa mdomo, kijiko kimoja kimoja. Nikamtumia Fadha ujumbe: asinitafute nyumbani, nikikubaliwa nitakuwa bondeni kwa Mama Kerubo. Nikamtuma Chelangat bondeni akaulize kama naweza kuja. Akarudi na jibu la maneno mawili: "Njia ipo."

Nilianza safari saa tatu, nimenyolewa na Rose, nimevaa shati jeupe lililonitosha mara mbili, na mkongojo mkononi. Rose alitaka kunishika, nikakataa, kisha nikaomba anishike. Majani chai yalikuwa yamekolea, wachumaji wakasimama kuangalia, na kwa mara ya kwanza maishani nikapita mbele ya watu bila kusema neno na bila piksi shingoni. Kwenye kisiki nikapumzika. Nikamwomba Rose aniache hapo. Kutoka hapo nikahesabu. Kwa miguu ya mtu mwenye afya ni hatua hamsini. Kwa miguu niliyokuwa nayo zilikuwa tisini na mbili, na nilisimama mara sita. Dirisha lilikuwa wazi.

"Hodi," nikanong'ona.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Kerubo. Nimechelewa."

Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini. Mlango ukafunguka, akanitazama kuanzia viatu hadi shati, na kwenye shati macho yake yakabaki.

"Keti pale," akasema.

Ni kiti cha mbao, karibu na dirisha. Ukikikalia unaona njia yote, kisiki, na shamba langu. Sikukijua upande huo. Ukiwa hapo unamwona mtu anayesimama kwenye kisiki vizuri kabisa, hata vidole vyake. Nikakaa nikingoja Fadha. Alikuwa na wagonjwa wengine kwanza, na sisi tulikuwa wa mwisho. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Kila jani lililotikisika nilidhani ni yeye. Mama Kerubo alikuwa na kazi zake jikoni na hakuniongelesha. Nikajua basi kungoja kule kulivyo, na mimi nilikuwa nangoja mtu niliyejua atakuja.

Fadha alitokea saa sita kasoro. Alifika kwenye kisiki. Hakusimama.

Rose aliingia nyuma yake. Tukasali. Fadha akafungua piksi, akachukua hostia, akavunja kipande kidogo kama punje ya wimbi, akakiweka kwenye kijiko chenye maji. "Mwili wa Kristo." Nikasema amina. Nikameza. Kilishuka polepole, nikakisikia kila hatua, kikapita pale palipokuwa pakikataa, kikaenda. Hostia ilikuwa bado karibu nzima mkononi mwa Fadha. Akageuka, akampa Rose sehemu, na sehemu akampa Mama Kerubo, aliyekuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo akitazama dirishani. Alichelewa kusema amina, na tulingoja hadi aliposema.

Fadha alipoondoka, Mama Kerubo aliinuka akaenda jikoni. Nikadhani imekwisha, nikaanza kujitafutia mkongojo. Akarudi na bakuli na kijiko.

"Baba Chelangat," akasema. Hakuniita mwenyekiti, na hajaniita hivyo tena hadi leo. "Sijakusamehe yote. Nakuambia usije ukatangaza kwa kipaza sauti."

"Sitatangaza."

"Nikikuona nakumbuka ile shati. Nitakumbuka muda mrefu."

"Ndiyo, Mama."

Akaketi kwenye stuli. Akachota uji, akaujaribu kwenye kifundo cha mkono, na mara hii hakutafuta sirinji. Alileta kijiko hadi mdomoni mwangu, cha kwanza cha uji tangu Julai.

"Fungua mdomo," akasema. "Usiwe na haraka. Hii ni yako."